Zimwi linatisha kwa nini?

Wiki hii tunaongea juu ya rangi. Watoto wako likizoni, wanafinyanga mazimwi ya udongo, madogo kama kidole. Yakikauka wanayapaka: mtu mwema anapata pinki, zimwi linapata nyeusi tii. Hapo ndipo tuwasaidie.

Rangi ya ngozi si moja. Marekani, kalamu moja ya Crayola iliitwa "rangi ya mwili", nayo ilikuwa ya pinki hafifu. Mwaka 1962 jina hilo likabadilishwa. Sisi tuanze na kahawia: changanya nyekundu na njano, kisha ongeza bluu kidogo kidogo. Mtoto aweke mkono wake kando ya rangi, alinganishe. Penye kivuli aongeze bluu au zambarau, si nyeusi tupu. Juu ya pua, mashavuni na kwenye viganja aongeze njano na nyeupe kidogo.

Na zimwi? Ngozi hai ina damu chini yake. Ukipunguza wekundu, ukatia kijani au kijivu, uso unakuwa kama wa maiti. Zungushia macho zambarau. Rangi iwe nyepesi, ipakwe mara mbili, ya kwanza ikauke kwanza.

Hivyo zimwi litatisha kwa sababu limekosa uhai, wala si kwa sababu ni jeusi. Mtoto akilijua hilo akiwa mdogo, atajitazama kwenye kioo bila aibu. Basi wamama, tukae nao mezani, tuchanganye pamoja.