Kinanda cha Zamani na Bei ya Kweli



Korali moja ya huku kwetu Masisi imetuletea shauri. Inacho kinanda cha Roland Juno-106, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1984, ilichoachiwa na wamisionari. Kimetunzwa vema chini ya kitambaa miaka yote hii. Mfanyabiashara kutoka Goma amekitolea bei ndogo, akidai ni chuma chakavu. Nao wanakorali hawajamwambia kwamba sauti moja imekufa.

Tuanze na mfanyabiashara. Kinanda hicho huumba sauti yake kwa mkondo wa umeme wenyewe, si kwa kurudia sauti zilizorekodiwa. Ndiyo maana wanamuziki wa Ulaya na Marekani hukitafuta hadi leo, wakikilipia kuliko vinanda vingi vipya. Biashara ya namna hiyo sisi wa Masisi na Walikale twaijua. Koltani ya Rubaya, kama zamani bati la Bisie, humtoka mchimbaji kwa bei ya mwenye njaa, kisha hurudi ndani ya simu asizoweza kuzinunua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inakataza kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Kuishusha kwa hila hiyohiyo, kwa maoni yetu, ni kosa lilelile.

Hata hivyo, Juno-106 ina sauti sita tu, kila moja na chipu yake, na chipu hizo zina sifa mbaya ya kuharibika. “Yeye anatudanganya,” vijana walituambia, “kwa nini sisi tusinyamaze?” Uchungu wao tunauelewa, lakini hatukubaliani nao. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba muuzaji anawajibika kufichua kasoro isiyoonekana. Hakusema kwamba wajibu huo hukoma mnunuzi akiwa mjanja.

Tena kinanda si mali ya korali. Kilitolewa kwa ajili ya ibada, na kanuni ya 1267 ya Sheria ya Kanisa yataka kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Basi paroko na baraza la uchumi la parokia washirikishwe, na fedha zinunue ngoma, vitabu vya nyimbo, pengine kinanda kidogo cha betri. Wapo waliotaka zigawiwe wanakorali waliokimbia vita na kupoteza kila kitu. Hilo lilitugusa, nasi hatukulijibu kwa wepesi. Tumeomba mahitaji yao yapelekwe Karitasi na katika jumuiya, ambako hata asiyejua kuimba atahesabiwa.

Mnunuzi atarudi Jumamosi. Tumewashauri wakiwashe mbele yake, wabonyeze vibonyezo sita kwa pamoja, wamwache azisikie noti tano, ndipo wamtajie bei.