Ijumaa ya Ruwi si adui wa akiba yako

Ndugu zetu mlioko Oman, kuna ushauri umeenea sana: ukitaka kujenga nyumbani, Ijumaa baki chumbani, usikanyage Ruwi. Sisi tunaoishi kwa kuhesabu hela hatukubaliani nao.

Nenda Ruwi, pale Muscat, Ijumaa jioni. Mtaa umefurika. Mafundi kutoka Bangladesh, India na Pakistan wameshuka kutoka kambini, maduka ya simu, mablanketi, manukato na dhahabu yako wazi, na katikati ya lugha zote hizo unasikia Kiswahili. Dada aliyeshinda wiki nzima peke yake kwenye nyumba ya watu, akapata ruhusa ya masaa manne, hapo ndipo anapojua bosi yupi halipi na wakala yupi ni tapeli. Habari hizo nazo ni mali. Anayejifungia hadi akachoka moyo, akavunja mkataba na kurudi kabla ya muda, amepoteza zaidi ya chai ya mwaka mzima.

Kinachokula mshahara si chai na sambusa. Ni mambo mawili.

La kwanza, kutuma kidogo kidogo kila Ijumaa. Ada inakatwa kila unapotuma. Tuseme ni rial 1.5: mara nne kwa mwezi ni rial 6, mara moja ni 1.5. Tofauti ni rial 4.5, na kwa mwaka ni rial 54, kama dola 140 hivi. Hayo ni mabati. Tena maduka ya kubadilishia pesa yako jirani jirani, basi ingia hata matatu. Rial imefungwa na dola, na kiwango chake hakijabadilika tangu 1986. Kinachocheza ni shilingi yetu na faida anayojiwekea mwenye duka. Usiulize ada peke yake. Uliza hivi: "Nikitoa rial 100, ada ikiwa humo humo, mama anapokea shilingi ngapi mkononi?" Anayetoa jibu kubwa ndiye wako.

La pili, mzigo. Blanketi la rial 5 linaonekana rahisi. Ongeza usafirishaji kwa kilo, ongeza ushuru, halafu mtu wa nyumbani akwambie la aina hiyo hiyo linauzwa Kariakoo au Eastleigh. Kabla ya kununua, piga simu uulize bei ya huko. Mara nyingi kutuma hela ni nafuu kuliko kutuma kitu.

Msimamo wetu ni huu: ya nyumbani na ya akiba itoke siku ile mshahara unapoingia. Kisha tenga ya Ijumaa, hata rial 2, iwe taslimu mfukoni, kadi ibaki chumbani. Ikiisha, endelea kutembea na kupiga soga, hilo halina bei. Matembezi hayo yaandike kwenye bajeti kama unavyoandika vocha na sabuni, na usimwonee mtu aibu kwa kwenda.