Dalali wa ofisi, jina lako ndilo bango

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hao hawakuwahi kukabidhiwa orofa nzima ya ofisi kule Upper Hill waitafutie mpangaji. Orofa ya namna hiyo, hata iwe na lifti mbili na jenereta mpya, haijiuzi. Hukaa na vumbi lake miezi nenda miezi rudi, mwenye jumba akiendelea kulipa mkopo wa benki, na dalali naye akingojea kamisheni ambayo ndiyo karo ya watoto wake.

Juma hili tungependa kuzungumza na wale wanaochuma riziki kwa kukodisha na kuuza majumba ya biashara, pamoja na nyinyi wanafunzi mnaosomea taaluma hiyo na kujiuliza mtaanzia wapi. Kuna mtandao uitwao LinkedIn, ambako watu hujuana kwa misingi ya kazi zao. Ulifunguliwa huko Marekani Mei 2003, na mwaka wa 2016 ukanunuliwa na kampuni ya Microsoft kwa zaidi ya dola bilioni 26. Wengi wetu huukumbuka tunapotafuta kazi. Tukishaipata, tunausahau kama mwavuli wakati wa kiangazi.

Je, kwa nini dalali asitosheke na Facebook au TikTok? Mwenye vyumba vya kupangisha kule Pipeline au Roysambu atapata wapangaji kwa kibao cha langoni ama video fupi ya simu. Ofisi ni jambo jingine. Anayeamua kwamba shirika litahama kutoka katikati ya jiji hadi Westlands ni mkurugenzi, au meneja wa fedha, na mtu huyo hana haja ya kusoma vibao vya langoni. Isitoshe, haamui kwa siku moja. Huuliza, hulinganisha, hupeleka hesabu kwa wakubwa wenzake, na muda wote huo anatafuta mtu wa kumwamini. Katika LinkedIn unaweza kumtafuta kwa cheo chake na jiji lake, kisha ukaona ni nani unayemjua ambaye naye anamjua. Huo ni ujirani ule ule wa zamani, ila umeandikwa.

Ajabu ni kwamba madalali wengi wakishaingia humo hufanya yale yale ya barabarani. Picha ya jumba, "Ofisi inakodishwa, piga simu", basi. Kesho hivyo hivyo. Wengine huongeza picha yao wenyewe wakiwa wamevaa suti na kukunja mikono, kana kwamba mpangaji anakuja kukodisha suti.

Andika unachokijua. Mathalani, umewahi kujiuliza kwa nini mikataba mingi ya ofisi na maduka hapa Kenya huwa ya miaka mitano na miezi mitatu? Hiyo miezi mitatu si ya bahati nasibu. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano au haukuandikwa kabisa. Mwenye jumba hawezi kumpandishia kodi au kumfurusha apendavyo. Sharti atoe ilani, na mpangaji asiporidhika ana mahakama maalum ya kukimbilia. Ndiyo maana wenye majumba huiruka miaka mitano kwa miezi michache. Dalali akiyaeleza hayo kwa aya tatu za lugha nyepesi, mwenye duka la dawa atakayesoma atamkumbuka, hata kama hahami leo.

Kadhalika kodi ya VAT. Nyumba ya kuishi haitozwi, lakini kodi ya ofisi ikiwa Sh100,000 kwa mwezi na mwenye jumba amesajiliwa kwa VAT, asilimia 16 itaifikisha Sh116,000, kabla hujagusa ada ya usafi, walinzi na maegesho. Vijana wanaofungua biashara ya kwanza hushtukia hesabu hii siku ya kutia sahihi. Dalali anayewatajia mapema huenda akawapoteza wawili watatu wasio na uwezo. Watakaobaki watawaelekeza wenzao kwake.

Hapa ndipo penye mtego. Kuna desturi ya kutangaza orofa nzuri iliyokwisha kukodishwa zamani, ili watu wapige simu wapelekwe kwingine. Barabarani uongo huo huisha kibao kinapong'olewa. Mtandaoni umeandikwa chini ya jina lako, picha yako na chuo ulichosomea, na aliyedanganywa aweza kuwaonyesha wenzake. Orofa ikichukuliwa, sema imechukuliwa. Tena usitangaze jumba ambalo mwenyewe hajakuruhusu kwa maandishi, na kama hujasajiliwa na bodi ya madalali wa mali inavyotakiwa na sheria, sura ya 533, anzia huko kabla ya kutafuta marafiki.

Nanyi wanafunzi, msiseme hamna la kuandika. Tembeeni Ngong Road au Mombasa Road siku moja mkiwa na daftari. Hesabuni orofa zenye mabango ya kukodisha, ulizeni bei kwa kila futi mraba, tazameni matatu zinasimama wapi na maji hupotea siku gani. Maandishi mawili kwa wiki yatosha, maadamu ni ya kweli.

Na ujumbe ukiingia Ijumaa jioni kutoka kwa meneja asiyekujua, akiuliza kama lile jumba lina nafasi ya magari 20, usingoje Jumatatu. Kuna uwezekano mkubwa amewauliza madalali wengine swali lilo hilo.