GARI LA FAMILIA: Mafuta Mekundu ya Giaboksi Si Yote Mamoja

Juma hili tumeitanguliza barua ya mama mmoja, mke wa koplo wa polisi, ambaye mumewe yu kazini mbali na nyumbani. Walinunua gari aina ya Toyota Premio la mwaka 2003 kwa mkopo wa chama cha akiba, na makato bado hayajaisha katika mshahara. Gari hilo ndilo linalowapeleka watoto shuleni na kumfikisha mama sokoni na mizigo yake. Sasa kila asubuhi anapotia gia ya D, gari husita kidogo, kisha huondoka kwa kishindo. Fundi wa mtaani amechomoa kijiti cha kupimia, akasema mafuta ya giaboksi yamepungua, naye yu tayari kuyaongeza kutoka katika dumu lake. Jirani mmoja amemwambia mama kwamba mafuta mekundu yote ni mamoja. Jirani wa pili amemwonya asiguse kitu, kwani giaboksi kuukuu ikibadilishwa mafuta hufa. Mama anauliza amsikilize nani.

Jibu letu ni kwamba kwanza akisome kile kijiti. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo, aina ya mafuta imechapwa juu ya kijiti chenyewe, na kwa Premio ya namna hii maandishi yake kwa kawaida ni ATF Type T-IV. Maandishi hayo yana uzito kuliko maneno ya fundi na ya majirani wote wawili. Pasipo maandishi, kitafutwe kitabu cha gari. Na ikiwa kitabu ni cha Kijapani, kama ilivyo kwa magari mengi yanayouzwa katika yadi za Kampala, herufi na tarakimu za aina ya mafuta huandikwa humo kwa Kilatini, wala hazihitaji mkalimani.

Rangi si ushahidi. Mafuta haya hutiwa rangi nyekundu kiwandani ili mwenye gari akiona tone sakafuni aweze kutambua kama limetoka katika giaboksi au katika injini. Hayo ya T-IV ni mekundu, ya Dexron ni mekundu, na hata mafuta ya usukani wa nguvu mara nyingi ni mekundu. Mwenye kuyachagua kwa rangi ni sawa na mpishi anayetia unga mweupe wowote chunguni bila kuuliza kama ni wa ngano au wa muhogo.

Yafaa tueleze kazi ya mafuta haya, kwa kuwa askari wengi walijifunza udereva katika malori na Land Rover za gia za mkono, ambako mafuta ya giaboksi ni ya kulainisha meno tu. Katika giaboksi ya otomatiki mafuta yana kazi nne kwa wakati mmoja. Huchukua nguvu ya injini ndani ya tokikonveta, lile pipa la chuma lililo kati ya injini na giaboksi. Hubeba msukumo unaobana sahani za klachi gia inapobadilika. Hupoza, na hulainisha. Sasa tazama ugumu uliopo: sahani za klachi zinatakiwa zishikane, na vyuma vingine vyote vinatakiwa viteleze, na mafuta ni yale yale. Ndiyo maana viwanda hutia ndani yake viungo maalumu vinavyopima jinsi klachi inavyoshika, kwa haraka au kwa upole. Tofauti ya aina moja ya mafuta na nyingine iko hasa katika viungo hivyo, na jicho haliwezi kuiona.

Historia inathibitisha jambo hili. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa mafuta ya kwanza yenye jina la Dexron katika mwaka 1967, na miongoni mwa viungo vyake yalikuwamo mafuta ya nyangumi, ambayo yalifaa sana kwa kulainisha mshiko wa klachi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipiga marufuku mafuta hayo ili kuwahifadhi nyangumi, kisha ikaja Dexron-II yenye viungo vingine. Haukupita muda ikaonekana kwamba viungo vipya vilikuwa vikila risasi iliyounga vipozeo ndani ya rejeta, ikabidi fomula irekebishwe tena. Upande wa pili kampuni ya Ford ilikuwa na mafuta yake ya Type F, yasiyo na viungo vya kulainisha mshiko, kwa kuwa giaboksi zake zilitaka klachi inayoshika kwa nguvu. Baadhi ya Toyota za miaka ya 1970 nazo zilitumia aina hiyo ya Ford. Aliyetia Dexron katika giaboksi ya namna hiyo aliona klachi ikiteleza. Aliyetia Type F katika giaboksi ya Dexron alipata kishindo kila gia ilipobadilika.

Magari yaliyo mikononi mwa wasomaji wetu leo ni ya Kijapani zaidi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini kwa gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia bado yanatembea, na mengi ni ya miaka ya 1990 na ya mwanzo wa 2000. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, zikiwamo Hiace nyingi, yaliandikiwa Dexron-II au III. Baadaye ikaja T-IV, na baada yake WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Nissan ina Matic D, kisha J, kisha S. Mitsubishi ina SP-II na SP-III. Honda hutumia mafuta yake yenyewe, zamani Z1 na sasa DW-1. Msomaji hana haja ya kuyakariri yote haya. Inatosha ajue jina moja tu la gari lake, aliandike kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mlango au juu ya jalada la daftari la gari.

Je, yakichanganywa kuna hatari gani? Hapa majirani huzidisha chumvi pande zote mbili. Dexron-III ikitiwa juu ya Dexron-II hakuna neno, kwa kuwa ya tatu ilitengenezwa ichukue nafasi ya ya pili. Dexron-III ikitiwa katika T-IV haigandi wala haiwaki moto, gari litatembea. Lakini mshiko wa klachi utabadilika kwa kadiri ya kiasi kilichotiwa, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mtetemo gari liendapo kwa mwendo wa wastani, kama mtu apitaye juu ya matuta madogo madogo, pale klachi ya tokikonveta inapojaribu kufunga. Mtetemo huo ukiachwa miezi, sahani huungua. WS nayo Toyota haikuitengeneza kuchukua nafasi ya T-IV, na wepesi wake hauifai giaboksi kuukuu ambayo nafasi za vyuma vyake zimekwisha kupanuka.

Kwa hiyo nyumbani, penye wakati na duka, asikubali kuchanganya. Njiani ni habari nyingine. Bomba likipasuka usiku katikati ya Mbarara na Kabale, na mafuta yaliyopo ni Dexron-III peke yake, azibe panapovuja, atie, aende polepole hadi mahali pa usalama, kisha ayabadilishe yote katika siku chache. Giaboksi iliyopungukiwa mafuta hufa upesi kuliko ile iliyotiwa mafuta yasiyo yake. Lakini asitie kamwe mafuta ya breki, hata kijiko kimoja, kwa kuwa huvimbisha na kulainisha mipira yote ya ndani. Magari yenye giaboksi ya mkanda, iitwayo CVT, yana mafuta yake ya peke yake, na ATF ya kawaida haiingii humo hata kwa dharura.

Tumrudie mama yetu. Fundi amesema mafuta yamepungua, na pengine ni kweli. Pampu ikivuta hewa pamoja na mafuta, msukumo huchelewa, na gari husita kama alivyoeleza. Lakini fundi hakusema yamekwenda wapi. Injini kuukuu inaweza kuchoma oili yake. Giaboksi haina mahali pa kuchomea mafuta. Yakipungua, yamevuja. Basi atandike boksi kuukuu la karatasi chini ya gari usiku, aangalie asubuhi matone yapo upande gani: kwenye sampu, penye mihimili ya magurudumu, au kwenye mabomba yaendayo mbele kwa rejeta. Kuongeza mafuta bila kuziba mvujo ni kununua tena mwezi ujao. Na yakionekana meupe-mekundu kama maziwa yaliyotiwa rangi, basi maji ya rejeta yameingia ndani. Hapo gari lisiwashwe tena, livutwe hadi gereji huku magurudumu ya mbele yameinuliwa juu.

Kabla ya yote apime yeye mwenyewe, maana tumeona mafundi wengi wakipima giaboksi kama wapimavyo injini, gari likiwa baridi na limezimwa. Kwa Toyota yenye kijiti, gari liendeshwe kwanza mpaka lipate moto, lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, injini iachwe ingurume polepole. Mguu ukiwa juu ya breki, gia ipitishwe taratibu kutoka P hadi L na kurudishwa P. Kisha kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishwe hadi mwisho, kichomolewe tena na kisomwe kwenye alama ya moto. Honda ni kinyume: hupimwa mara tu baada ya kuzimwa injini. Mafuta yakizidi alama nayo ni madhara, kwa kuwa vyuma vinavyozunguka huyapiga yakawa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Wenye Subaru kuukuu za otomatiki wajue kwamba gari lao lina kijiti cha pili cha difu ya mbele, na tumesikia zaidi ya mara moja habari za fundi aliyemwaga mafuta ya difu akidhani ni ya giaboksi, kisha akaongeza ATF juu ya ATF iliyokuwa imejaa.

Kuhusu onyo la jirani wa pili, halikutoka hewani. Giaboksi iliyoachwa miaka mingi mpaka mafuta yakawa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua huwa imekwisha kuchakaa sahani zake, na mara nyingi hufa baada ya kubadilishwa mafuta. Watu husema mafuta mapya yameiua. Ukweli ni kwamba ilikuwa mgonjwa mahututi, na mwenye gari alimwita daktari wakati roho inatoka. Hata hivyo, kwa giaboksi kuukuu isiyojulikana historia yake, sisi hatupendi ile mashine ya kusukuma mafuta yote kwa mara moja, kwani huweza kuzibua takataka zilizotulia na kuzipeleka katika njia nyembamba za valvu. Ni afadhali njia ya polepole. Mafuta yakiwa bado mekundu au ya kahawia na hayanuki, afungue nati ya sampu, ayapokee yatokayo katika chombo chenye alama za lita, na arudishe kiasi kile kile cha mafuta mapya ya aina yake.

Ajue kwamba hapo hajabadilisha yote, maana mengi hubaki ndani ya tokikonveta. Tuchukue giaboksi yenye lita 7 na nusu ambayo sampu hutoa lita 3. Baada ya mara ya kwanza, asilimia 60 ni mafuta ya zamani. Akiendesha majuma kadhaa na kurudia, inabaki asilimia 36. Mara ya tatu, chini kidogo ya 22. Kwa njia hii mama anaweza kugawa gharama katika mishahara mitatu, na giaboksi isistuke. Katika mara mojawapo sampu ishushwe, chujio litazamwe, na sumaku za ndani zifutwe. Uji mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya, na pesa za mafuta ziwekwe kwa ajili ya giaboksi nyingine.

Dumu la fundi likataliwe kwa adabu. Anunue kopo lililofungwa, katika duka la kampuni ya mafuta inayojulikana, na ahifadhi risiti. Maneno Dexron-III juu ya kopo yasimtulize peke yake, kwa kuwa General Motors iliacha kutoa leseni za jina hilo mwaka 2006. Tangu hapo heshima ya mtengenezaji ndiyo dhamana. Kuna Dexron-VI pia, ambayo kampuni hiyo iliiruhusu katika giaboksi zake za zamani. Ruhusa hiyo haikuwafunga Wajapani.

Neno moja kwa nyumba zote za kambini. Mafuta yanayobaki, na yale machafu yaliyomwagwa, yasitiwe kabisa katika chupa za soda. Yakiwa mapya yanafanana na sharubati, na mtoto mwenye kiu hasomi. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakipanda huweza kuingia mapafuni; apelekwe zahanati mara moja pamoja na ile chupa ili mganga aone alichokunywa. Yale machafu yafungwe katika kopo lake lenyewe, yaandikwe, yawekwe juu ya rafu, kisha yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu, yasimwagwe mferejini wala karibu na kisima.

Mama akikwisha kupima na kuangalia lile boksi la chini ya gari, atuandikie tena alichokiona: rangi, harufu na upande wa matone. Tutamjibu katika ukurasa huu.