Mali Haimkingi Mtoto na Ubaguzi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, wazazi wengi hudhani kuwa mtoto akijengewa nyumba nzuri na kulipiwa shule ya gharama, basi amekwishasalimika. Tuwatazame Wamarekani weusi wenye mali. Mwaka 1938, akina mama wa tabaka hilo walianzisha mjini Philadelphia chama cha Jack and Jill, ili watoto wao, waliofungiwa milango ya Wazungu, wapate pa kukutania. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, yasimuliwa kuwa katika baadhi ya hafla za matajiri weusi wa zama hizo, mgeni alipimwa rangi kwa mfuko wa karatasi ya kaki. Aliyeuzidi kwa weusi alirudishwa mlangoni. Aliyebaguliwa naye akabagua.

Je, mali iliwakinga? Utafiti wa Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2018, uliohusu watu wapatao milioni 20, ulionyesha kuwa wavulana weusi waliokulia katika utajiri huporomoka kipato ukubwani kuliko weupe waliokulia katika hali kama yao. Mwaka 2009, Profesa Henry Louis Gates wa Chuo Kikuu cha Harvard alikamatwa na polisi nyumbani kwake mwenyewe. Ndiyo maana hata baba tajiri humuusia kijana wake anapobalehe aweke mikono yake wazi askari amsimamishapo.

Kijana huyo ataijua wapi thamani yake? Malcolm X, ambaye hakuzaliwa katika mali, aliiona Makka mwaka 1964, alipohiji na kula sahani moja na Waislamu wa rangi zote. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi. Naye Abu Dharr alipomtusi mtu kwa asili ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimkemea kuwa bado anao ujahiliya.

Basi wazazi, tunapomkataa mposaji mwema kwa weusi wake au ufukara wa kwao, watoto wetu wanasikia. Tunawarithisha mfuko ule ule wa kaki. Tuwarithishe ucha Mungu, mizani isiyopunguka rangi wala mali inapobadilika.

Wabillahi tawfiq.