Samaki wakifa, vitafutwe virusi, si mlozi

Masisi na Walikale, bwawa la samaki ni akiba ya nyumba. Linalipa minerval ya watoto, linalisha familia iliyokimbia vita pamoja na ile iliyoipokea. Asubuhi samaki wakikutwa wanaelea, neno la kwanza ni «sumu», la pili ni jina la mtu. Na nani ni rahisi kushutumiwa kuliko mkimbizi aliyefika juzi?

Shutuma hiyo haina haki, na sayansi inaweza kuimaliza. Mwaka 2014, huko Israeli, vilitambuliwa virusi vinavyoua tilapia kwa wingi. Havijulikani kumshika mtu. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya ndani ya virusi hivyo: vipande 10, herufi 10,323. Kusoma huko kulisaidia kuboresha vipimo. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba wamevikuta katika tilapia wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Kwa macho, samaki hao walionekana wazima.

Hapo wagawaji wa vifaranga wasikilize vizuri. Kumwaga vifaranga bwawani mbele ya kamera, bila karatasi ya kipimo, ni kucheza kamari na chakula cha watu. Maji ya bwawa la juu yanashuka kwenye la chini. Na ugonjwa ukiingia katika maziwa ya Mokoto, nani atautoa?

Wengine watasema: watu wanalala ndani ya hema, virusi vya samaki ni anasa. Kumbe anayelala ndani ya hema ndiye asiye na bwawa la pili.

Wengine watasema barabara ni za vita. Ni kweli. Lakini wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, INRB ilisoma jenomu za virusi vilivyotoka Kivu Kaskazini na Ituri huku risasi zikilia. Njia ya kusoma ni ile ile, iwe damu ya mtu au ini la samaki. Na kaseterite ya Bisie iliwahi kupata ndege za kuitoa Walikale. Kipande cha ini kitakosaje nafasi?

Basi serikali na mashirika ya kiutu waonyeshe karatasi ya kipimo kabla ya kugawa hata kifaranga kimoja. Mfugaji naye, samaki wakianza kufa, asifungulie maji kwenda kwa wenzake wala asiuze vifaranga. Amwite mganga wa mifugo achukue ini na ubongo wa samaki aliye karibu kufa. Labda jibu litakuwa virusi, labda ni maji yaliyokosa hewa, labda ni sumu. Kabla ya jibu hilo, asifukuzwe mtu.