Swali hili si la mtego

Wandugu, leo tuache siasa, tuongee hesabu. Najua wengine mmeshasonya, maana hesabu ndiyo inayoburuza mkia kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Vumilieni kidogo. Kuna roho za watu ndani yake.

Oktoba 2021 nilipanda kosta Mbulu mjini kwenda Katesh, wilayani Hanang. Konda alituahidi saa mbili tu. Wanaoijua njia ile wanaelewa: unapita Dongobesh, unashuka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Dareda, ndipo unaikuta lami ya Babati–Singida. Safari ile, mpaka Dareda ilikuwa vumbi na makorongo, kona juu ya kona. Tulipogusa lami, saa mbili zote zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Dereva, kanyaga bwana! Fidia muda!" Dereva akakanyaga. Mshale ukapita 100, mlima Hanang mbele yetu, Endasak tukaipita kana kwamba haina watu, wala ng'ombe, wala watoto wa shule. Mama mmoja nyuma yangu ndiye pekee aliyesema, "Dereva mwanangu, punguza. Tutafika tu." Akachekwa. Na mimi, pamoja na digrii yangu, nilinyamaza. Kusema kweli, moyoni nilitaka tufidie.

Hebu sasa tupige hesabu ambayo ndani ya kosta hakuna aliyeipiga. Ili iwe rahisi, tuseme vumbi ni km 60 na lami ni km 60. Ahadi ya konda ilikuwa km 120 kwa saa 2, yaani wastani wa km 60 kwa saa. Kwenye vumbi tumetembea kwa 30. Je, kwenye lami tukimbie kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 60?

Wengi mmeshajibu 90, kwa sababu 30 jumlisha 90, gawanya kwa mbili, ni 60. Mmekosa. Km 60 kwa mwendo wa 30 ni saa 2. Muda wote umeliwa na vumbi. Hata mkipewa ndege pale Dareda, hamuwezi. Hakuna kasi ya namna hiyo.

Usijione mjinga. Mwaka 1934 mwanasaikolojia Max Wertheimer alimpelekea Albert Einstein swali la aina hiihii, la gari kuukuu linalopanda na kushuka kilima. Einstein mwenyewe alikiri kwamba mpaka alipokokotoa ndipo alipogundua kuwa muda wa kushuka haukubaki. Lakini yeye alikokotoa. Sisi tulipiga kelele.

Na kwa nini tusipige? Nikiwa sekondari mwalimu alitupa swali hili: gari linakwenda mji wa pili kwa 40, linarudi kwa 60, wastani wake ni ngapi? Nikaandika 50. Nikapigiwa vema! Miaka imepita ndipo nikajua jibu ni 48. Tuseme njia ni km 120. Kwenda ni saa 3, kurudi ni saa 2. Km 240 kwa saa 5 ni 48. Mwendo wa polepole unachukua saa nyingi zaidi, kwa hiyo unauvuta wastani upande wake. Basi, hakuna uchawi.

Kuna walimu wanaolijua jibu, lakini wanaliita "swali la mtego" na kuwashauri wanafunzi waliruke, wasipoteze muda wa mtihani. Hapo ndipo ninapogomba. Swali hili halimdanganyi mtu. Linauliza jambo moja tu: unajua kasi ni umbali kugawanya kwa muda, au umekariri tu "jumlisha, gawanya kwa mbili"? Mtego ni huko kukariri. Aliyekariri akishapata cheti, anapanda basi na kuanza kumwambia dereva akanyage.

Najua mtanijibu, "Kaka, dereva hahitaji hesabu, anahitaji trafiki." Sawa. Sheria ipo: mabasi mwisho 80, kwenye makazi 50. LATRA nao wana mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi. Lakini trafiki haketi ndani ya basi. Tunaoketi humo ni sisi, na tunaomsukuma dereva ni sisi. Basi tujue tunanunua nini. Km 60 kwa mwendo wa 80 ni dakika 45. Kwa mwendo wa 120 ni dakika 30. Faida ni dakika 15, na vumbi limeshakula saa nzima ya ziada! Gharama yake: nishati ya gari inapanda mara 2.25, na breki zinahitaji zaidi ya mara mbili ya umbali ule kulisimamisha. Huyo mtoto wa Endasak mnayemkaribia hana umbali huo.

Watu wa Mbulu wana mwalimu mzuri wa somo hili. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa huko, alianguka katika marathoni ya Olimpiki Mexico City mwaka 1968, goti likateguka, akamaliza wa mwisho kwa 3:25:27. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia 2:20:26. Wastani wa Akhwari ni kama km 12 kwa saa, wa Wolde 18. Sasa chukua mkimbiaji aliyekwenda nusu ya kwanza kwa 12, halafu anataka wastani wa 18. Nusu ya pili lazima akimbie kwa 36! Usain Bolt, katika rekodi yake ya mita 100 ya mwaka 2009, alikuwa na wastani wa km 37.6 kwa saa, kwa sekunde 9.58 tu. Huyu wetu akimbie karibu hivyo kwa km 21.

Akhwari alifungwa bandeji akaendelea mpaka mwisho. Alifika, na dunia inamkumbuka kwa kufika.

Sisi nasi tulifika Katesh, kwa bahati, si kwa akili. Jibu sahihi pekee lililotolewa ndani ya ile kosta ni la yule mama tuliyemcheka. Muda uliopotea umepotea. Walimu, lirudisheni swali hili ubaoni, mkiweka Dongobesh na Dareda ndani yake, na acheni kuliita mtego.

Naomba kutoa hoja.